Baiskeli Inayobadili Gia Bila Kuambiwa

Nordhaugen, 9 Mei 1992

Mdogo wangu Tarjei,

Nakusalimu huko kwenye barafu yako. Huku hatujambo sote. Mgongo wa shemeji yako Steinar umetulia tangu aache kubeba magogo begani kama kijana anayetafuta mchumba. Ng'ombe wanne wamezaa. Mama nilimtembelea Jumapili kwenye nyumba ya wazee, akauliza uko wapi, nikamwambia Tarjei yuko kisiwani Jan Mayen anatunza majenereta ya watu wa hali ya hewa, akafikiri kidogo, akasema, "Amevaa soksi?" Basi nijibu hilo kwanza, nimpelekee jibu: umevaa soksi?

Sasa baiskeli uliyomtengenezea Gyda wangu. Mdogo wangu, nimeisifu mpaka ulimi umechoka. Nimewaambia dukani, nimewaambia kanisani, hata daktari wa meno nilimwambia nikiwa na pamba mdomoni. Nani mwingine bonde hili lote ana baiskeli ya mlimani iliyochomelewa na mjomba wake mwenyewe, mrija kwa mrija? Oddrun wa jirani alimnunulia mwanawe Vegard baiskeli ya dukani, ina maandishi mengi kuliko gazeti. Nikamwambia, "Oddrun, hiyo hata ng'ombe wangu hapandi." Alicheka, ila hakupenda.

Lakini kuna jambo. Gyda anafanya mazoezi ya mbio za Skardet. Ni tarehe 22 Agosti, kupanda mlima mpaka juu kabisa kisha kushuka upande wa pili kwenye mawe na mizizi mpaka kanisani Vassbygd. Na wewe unayajua mapaja ya mpwa wako, hakuna msichana wa miaka kumi na saba mwenye mapaja kama yale kuanzia hapa mpaka baharini. Sasa kila akipanda mlima na kusimama juu ya pedali, gia inabadilika yenyewe. Hajagusa kitu! Cheni inaruka kwenda kwenye meno makubwa ya nyuma, kisha inarudi, kra, kra, kra. Nimeigeuza baiskeli miguu juu kwenye ghala, nikazungusha pedali kwa mkono. Safi kabisa. Nikampa Gyda. Kra, kra, kra.

Sielewi. Cheni nimeilainisha mwenyewe, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Niambie la kufanya, nitafanya. Mikono ninayo.

Dada yako,
Borghild

*

Jan Mayen, 3 Juni 1992

Dada Borghild,

Barua yako imefika na ndege ya mwisho wa Mei. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Mwambie mama nimevaa jozi mbili. Huku ni ukungu, na mpishi wetu anatupa samaki siku sita, siku ya saba anatupa supu ya samaki. Jenereta namba mbili inakohoa ila inakwenda.

Kuhusu gia. Mara nyingi ni waya umelegea tu, waya mpya huwa unavutika kidogo miezi ya kwanza. Nyuma kabisa, pale waya unapoingia kwenye kile kidude kinachosukuma cheni, kuna nati ndogo yenye mikwaruzo ya kushikia kwa vidole. Cheni ikiwa nzito kupanda kwenye meno makubwa, zungusha nati hiyo nusu mzunguko kinyume cha saa. Ikiwa nzito kushuka kwenye madogo, nusu mzunguko upande wa saa. Nusu tu, dada. Kisha ujaribu.

Kuna pia skrubu mbili ndogo, moja ina herufi H, nyingine L. Hizo usiziguse hata kidogo.

Umelainisha cheni kwa kitu gani?

Ndugu yako,
Tarjei

*

Nordhaugen, 20 Juni 1992

Tarjei wangu,

Salamu. Mama amefurahi juu ya jozi mbili, ameuliza kama ni za sufu. Steinar anakusalimu, amekata nyasi za kwanza na mvua imezilowesha zote, kwa hiyo usimtegemee kusema neno jema wiki hii. Gyda amemaliza mitihani na amepata tano kati ya sita kwenye hesabu. Sikuulizwa ila nimesema.

Barua yako ilifika juzi. Zile skrubu mbili nilikuwa nimeshazigusa siku nyingi. Ungeniambia mapema! Niliona zimekaa pale kama zinasubiri mtu. Nilikaza moja, nikalegeza nyingine, Gyda akatoka nayo uani, cheni ikaingia kwenye spoki na mpwa wako akaingia kwenye rundo la mbolea. Nilimpigia makofi kumtia moyo. Akasema, "Mama, acha makofi, nimeanguka!"

Zimerudi mahali pake sasa. Nilizungusha taratibu huku natazama, kama mtu anayefungua sanduku la fedha, mpaka cheni ikakaa.

Sasa ile nati yako. Umesema kinyume cha saa. Kinyume cha saa nikiwa nimesimama wapi? Mbele au nyuma? Na baiskeli ilikuwa miguu juu, je, saa nayo inapinduka? Nilikaa kwenye ndoo na saa ya Steinar mkononi, nikaigeuza saa, nikageuza kichwa, nikasahau nilikuwa nimezungusha mara ngapi. Mwisho nilizungusha huku na huku mpaka gia zote saba zikapanda na kushuka kama vidole vya mpiga kinanda. Kwa mkono wangu, Tarjei! Nilimwita Steinar aje aone. Alisema ni nzuri, akaenda kulala.

Cheni niliilainisha kwa nta ya ski. Ile ya kunata inayokaa kwenye mirija kama dawa ya meno, nyekundu, ya theluji iliyoyeyuka ikaganda tena. Nilifikiri, kama inamshika Gyda asiteleze nyuma mlimani wakati wa baridi, basi na gia nayo itashika. Kwa siku mbili ilikuwa nzuri. Kisha cheni ikaota manyoya. Kulikuwa na majani, sufu, nzi wengi sana, na unyoya mmoja wa kuku. Nimeisafisha kwa mafuta ya taa na sasa nimetia mafuta ya cherehani, kwa hiyo usinicheke, na usiwasomee hao wenzako.

Lakini bado, mdogo wangu. Ikiwa haina mtu, ni baiskeli ya kumpa askofu. Gyda akisimama juu ya pedali mlimani, inabadili gia bila kuambiwa. Na sasa inatoa sauti kama mtu anakanyaga changarawe. Gyda alisema neno kuhusu baiskeli yako ambalo sitaliandika hapa. Watoto wakichoka husema lolote.

Fikiri vizuri, unijibu.

Borghild

*

Jan Mayen, 12 Julai 1992

Dada Borghild,

Salamu kwenu wote. Soksi ni za sufu. Ndege ilichelewa siku tisa kwa ukungu, ilizunguka juu yetu tukaisikia, ikarudi Bodø na barua zetu ndani.

Nta ya ski sijawasomea. Nimewaeleza tu.

Nina maswali. Tafadhali yajibu kwa utaratibu, usije ukanipa habari za kuku kwanza.

Gia inaruka Gyda akiwa amesimama tu, au hata akiwa amekaa?

Inaruka anaposukuma kwa mguu gani? Wa kulia?

Chini kule, mahali mirija inapokutana karibu na ekseli ya pedali, upande wa cheni, rangi ikoje? Bado ni laini? Kuna mstari wowote, hata mwembamba kama unywele? Nijibu hilo la rangi kabla ya yote.

Inawezekana kabisa ni waya tu. Mnunue waya mpya na ala yake ya nje. Labda ni waya.

Tarjei

*

Nordhaugen, 25 Julai 1992

Tarjei,

Salamu zangu zipo ila ni fupi leo, maana nimeudhika kidogo. Kuku hawajambo.

Nakuandikia habari za gia unaniuliza habari za rangi! Nimesoma mara tatu, nikampa Steinar akasoma, akauliza, "Anataka kuinunua?" Mimi nimekuuliza kwa nini cheni inaruka. Ni kama mtu aende kwa daktari na mguu unauma, daktari amwambie atoe kofia.

Haya, kwa utaratibu. Akisimama tu. Ndiyo, mguu wa kulia, Gyda amehakikisha, ingawa sijui wewe ulijuaje ukiwa huko kwenye barafu. Na rangi ni nzuri kuliko ulivyoiacha, kwa sababu niliipaka upya mwenyewe kabla ya tarehe 17 Mei. Nani anatembeza baiskeli yenye matope na mikwaruzo siku ya taifa, mtoto amevaa vazi la bonde na vifungo vya fedha? Kopo la rangi nyekundu ya ghala lilikuwa limebaki. Nilipaka mara mbili, juu na chini, kila kona, nikafunga matawi ya mbirchi na bendera mbili. Watu waligeuka kutazama. Kwa hiyo ukiniuliza habari za mstari kama unywele, nakujibu kwamba mimi nikipaka rangi hakuna unywele.

Waya tumenunua mjini na ala yake. Kijana wa duka la baiskeli akatuwekea, akajaribu, akakuna kichwa. Kisha akasema anataka kuilaza aitazame fremu kwa chini. Nikamwambia, "Kijana, hiyo fremu imetengenezwa na ndugu yangu, fundi wa kuchomelea miaka ishirini. Haihitaji kutazamwa." Akasema, "Mama, nitatazama tu." Nikasema, "Utatazama za hapa dukani." Tukaondoka. Gyda hakusema nami neno njia nzima.

Waya mpya, kra, kra, kra zile zile. Mbio ni baada ya wiki nne. Nimeshawaambia watu wa klabu ya baiskeli kwamba Gyda atakuwa katika wasichana watano wa kwanza. Mimi ndiye nitakayeoka waffle mwisho wa njia, nitasimama pale pale watakapofikia. Nifanye nini, Tarjei? Mbona unajua mguu wa kulia?

Borghild

*

Jan Mayen, 5 Agosti 1992

Dada,

Salamu kwa mama na Steinar.

Mwambie Gyda apande akiwa amekaa. Asisimame juu ya pedali. Mteremko wa kwenda Vassbygd ashuke polepole, au ashuke akiikokota.

Mbio si lazima. Kuna mwaka mwingine.

Hii ni barua ya tatu ninayoandika leo, mbili nimezichana. Rubani anasubiri.

Tarjei

*

Nordhaugen, 24 Agosti 1992

Mdogo wangu Tarjei,

Salamu nyingi, nyingi kabisa! Sote wazima. Mama ana mafua madogo ila anakula. Blueberi mwaka huu zimejaa msituni kama zimemwagwa, nimeshatengeneza mitungi kumi na minne ya jamu, na mitatu ni yako.

Habari ya baiskeli ni nzuri. Imepona. Kwa kweli lilikuwa jambo dogo tu, skrubu moja ilikuwa imelegea, tukaikaza na basi. Haijabadili gia tena bila kuambiwa. Gyda alipanda Skardet kwa hiyo na kushuka Vassbygd, akawa wa saba katika wasichana wote, na mwendo wa kushuka ulikuwa wa kutisha, watu walipiga kelele. Nilikuwa pale na chuma changu cha waffle, nikaunguza sita. Sasa anakwenda nayo shuleni kila siku, kushuka na kupanda.

Kwa hiyo usijisumbue tena na mawazo ya gia. Fanya kazi zako, ule samaki wako. Ile barua yako ya mwisho tumeisoma, hatukuelewa sana, lakini haidhuru.

Leo nimempelekea Oddrun waffle nyumbani kwake na mtungi wa jamu. Usiniulize kwa nini.

Dada yako akupendaye,
Borghild

*

Jan Mayen, 26 Agosti 1992

Dada Borghild,

Naandika mapema ili barua iwe ndani ya gunia kabla ndege haijafika na mimi sijabadili nia.

Mbio zimepita. Sijui zimepitaje. Wiki yote ya mbio niliiendea simu mara tatu. Simu iko sebuleni, na sebuleni wanaume kumi na wanane wanakaa kutazama video. Ukizungumza lazima upige kelele, sauti inakawia kwenda na kurudi, kila mtu anasikia. Hawa nilishawaeleza habari za baiskeli yangu tangu siku ya kwanza. Picha yake iko ukutani juu ya kitanda changu. Mara tatu nikashika simu, mara tatu mtu akasema, "Tarjei, tupishe, hatuoni," nikaiweka chini.

Si waya, dada. Haikuwa waya tangu ile barua yako ya pili. Uliposema tena kwamba gia ni safi bila mtu na inaruka akisimama, nilijua. Gia haina kosa. Ni fremu inayopinda. Waya wa gia unapita chini ya ekseli ya pedali na kufuata mrija wa kulia kwenda nyuma. Mrija ukifunguka mahali fulani, hata kidogo kama ukucha, waya unavutwa, na baiskeli inabadili gia kana kwamba mtu ameibonyeza.

Na najua ni mahali gani. Nilipokuwa nachomelea kiungo kile moto ulizidi, mrija ni mwembamba, ukatoboka. Tundu la kuingia penseli. Nilitakiwa nikate mrija wote niweke mwingine. Zilikuwa zimebaki siku mbili niondoke, na wewe ulishamwita Oddrun aje aione. Nikalijaza tundu, nikalipiga tupa mpaka likawa zuri, nikapaka rangi. Lilikuwa zuri kuliko viungo vyote. Hata mimi nilikaa nikalitazama.

Kama Gyda yuko mzima, mtoe kwenye baiskeli hiyo leo. Kama hayuko mzima, sijui nikuandikie nini.

Tarjei

*

Nordhaugen, 3 Septemba 1992

Tarjei, mdogo wangu,

Gyda ni mzima. Nilikuambia kwenye simu ila nakuandikia tena, ili uwe nayo kwa maandishi na uisome ukitaka. Gyda ni mzima, anakula, anagombana na baba yake juu ya redio.

Ile simu yako, Ijumaa, nilikuwa juu ya sufuria ya jamu. Nikasikia mlio, halafu upepo, halafu wewe unapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Gyda yuko wapi?"

Nikasema, "Shuleni. Kwani nini? Nani amekufa?"

"Amekwenda na baiskeli?"

Nilikuwa na uongo wangu tayari, ule niliokuandikia, lakini sauti yako, Tarjei, sijawahi kuisikia hivyo tangu ulipokuwa na miaka sita na ukanasa kwenye barafu ya bwawa. Ukasema, "Dada, imevunjika, tundu nililificha mimi, mtoe, mtoe!" Nami nikawa nasema, "Tumeshamtoa, tumeshamtoa," na sauti zetu zinapishana njiani, wewe unalia mtoe, mimi nalia tumeshamtoa, sijui ni nani aliyemsikia mwenzake kwanza. Na huko nyuma yako nikasikia hakuna video, hakuna kicheko, hakuna kitu. Halafu mwanaume mmoja akasema, "Mpeni kiti." Nani huyo? Mwambie namshukuru.

Jamu iliungua yote. Barua yako ya tarehe 26 ilifika Jumatatu.

Sasa na mimi niseme, maana nimekudanganya na nilidhani nakutendea wema. Ile barua yako fupi ilifika Jumatano kabla ya mbio. Apande akiwa amekaa. Nilimsomea Gyda. Akaweka kijiko mezani. Akasema, "Mama, mimi nimekuambia tangu Mei." Na ni kweli, alikuwa ameniambia. Lile neno nililokataa kuliandika lilikuwa hili: "Mama, baiskeli hii inajikunja chini yangu." Nikamjibu kwamba miguu yake ndiyo inajikunja. Nilimwambia hivyo, mama mzazi.

Ijumaa ile kabla ya mbio nikamweka juu ya baiskeli ghalani, bega lake ukutani, breki zote mbili zimekazwa, gurudumu halizunguki. Mimi nikalala kifudifudi kwenye majani makavu, uso karibu na pedali. Nikasema, "Kanyaga." Akakanyaga kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote, na unazijua. Tarjei, nikaona rangi yangu nyekundu inafunguka. Mdomo mwembamba, hivi, na ndani yake kweupe. Akiachia, unafumba. Na waya nao unavutika na kurudi, unavutika na kurudi, hakuna aliyeugusa. Ndipo nikaelewa. Miezi mitatu nilikuwa nazungusha nati huku na huku, na baiskeli inaniambia kila siku inapouma, nami nimeipaka rangi mara mbili pale pale.

Nikasema, "Shuka." Akasema, "Mama, mbio ni kesho." Nikasema, "Shuka, mwanangu." Nilikuwa bado nimelala chini.

Nilimkuta Oddrun anaanika mashuka.

"Oddrun, nimekuja kuomba."

"Wewe? Kuomba?"

"Vegard yuko jeshini. Baiskeli yake inaning'inia tu bandani."

"Ile ya dukani?"

"Ile ile."

"Ile ambayo hata ng'ombe wako hapandi?"

Nikasema, "Ng'ombe hatapanda. Atapanda Gyda." Alinitazama, shuka liko mkononi, nikangoja aseme yote, nilikuwa nimejiandaa. Hakusema. Aliingia bandani, akaishusha mwenyewe, akajaza tairi upepo, akauliza, "Kiti kiwe juu kiasi gani?" Mpaka leo hajamwambia mtu. Bonde zima linasema Gyda aliazima kwa sababu gia za kwake zilisumbua. Angenicheka ningejua la kufanya. Hivi sijui, nabaki kumpelekea waffle.

Na hakuwa wa saba. Alikuwa wa kumi na moja. Nilivumilia kukuandikia yote haya, lakini hilo la kumi na moja ndilo lililonipa shida ya kalamu.

Nilikuandikia kwamba imepona kwa sababu nilifikiri, yuko peke yake huko, akijua kazi ya mikono yake imepasuka atakaa na mawazo hayo mpaka Oktoba. Sikujua kwamba ulikuwa nayo tangu Aprili. Sasa natazama barua zako zote, zile habari za rangi na mguu wa kulia, nashindwa kuelewa nilikuwa nasoma nini. Ulikuwa unaniuliza kama mtoto wangu atavunjika shingo, na mimi nikakujibu habari za bendera.

Nimekasirika, Tarjei. Nilitaka ujue. Nilikasirika Jumatatu yote nikakamua ng'ombe kwa hasira mpaka mmoja akanipiga teke. Halafu nikafikiri ni nani aliyemwita Oddrun aje kutazama baiskeli ambayo haijamalizika, zimebaki siku mbili. Kwa hiyo tumalizane hivyo. Usiniombe radhi tena kwenye barua, nimeshaisikia kwa simu, na wenzako kumi na wanane ni mashahidi.

Gyda nimemsomea barua yako. Akaichukua, akaisoma tena mwenyewe. Anasema mrija huo ukatwe uwekwe mwingine, na kila kiungo ukichomelee mbele yake, amevaa miwani ya kuchomelea, na ukitoboa useme nimetoboa. Yuko tayari kuipanda tena. Ila ana sharti moja. Safari ya kwanza si yake. Wewe, na kilo zako mia moja na tano, na samaki wote uliokula, ndiye utakayeshuka nayo Skardet mpaka kanisani.

Mimi nitakuwa chini nakungoja. Sitaleta waffle, sitamwita Oddrun, wala sitamwambia mtu yeyote kwamba ni nzuri, mpaka nikuone umefika.

Dada yako,
Borghild